MAANA YA JINA SIGRID

(Somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima)

Bila shaka kila mmoja amekwisha kukaa mahali pake, ana daftari na penseli. Nawe msimamizi wa darasa, shika chaki, kwa maana leo kuna kazi ya ubaoni.

Leo tutajifunza habari za jina la mtu. Si jina la hapa kwetu; ni jina la wanawake wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Jina lenyewe ni Sigrid. Msimamizi, liandike kwa herufi kubwa: S, I, G, R, I, D. Haya, darasa zima lisome polepole: Si-grid. Maneno yetu ya Kiswahili hupenda kuishia kwa a, e, i, o au u, lakini jina hili laishia kwa D. Basi ulimi ukome pale pale kwenye D, usiongeze kitu.

(Kituo kidogo. Darasa lisome mara tatu.)

Vema. Sasa nitawaambia kwa nini nimelichagua jina hili. Katika habari za yapata miaka 1,000 iliyopita tunakuta wanawake wawili wenye jina la Sigrid. Wa kwanza alikuwa malkia, na sifa zake zimeenea vitabuni. Wa pili hakuwa malkia, wala hakuna kitabu cha zamani kinachosimulia maisha yake. Lakini waulizeni wenye elimu ya mambo ya kale, ni yupi kati ya hao wawili aliyeishi kweli? Watawaambia wana shaka juu ya malkia, na hawana shaka hata kidogo juu ya yule wa pili. Kwa nini iwe hivyo? Jibu tutalipata katika somo hili. Kwanza tulifahamu jina lenyewe.

JINA LENYE VIPANDE VIWILI

Denmark, Norwe na Uswidi ni nchi tatu jirani, nazo kwa pamoja huitwa Skandinavia. Mbali zaidi, katikati ya bahari, kiko kisiwa cha Iceland. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walitoka Norwe, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Leo kila nchi ina lugha yake, lakini zamani zile watu hao wote walisema lugha moja iliyotofautiana kidogo tu huku na huku, wakasikilizana bila mkalimani. Jina letu lilizaliwa katika lugha hiyo ya kale.

Watu wale walikuwa na desturi ya kuunga jina kwa vipande viwili, kama seremala aungavyo mbao mbili. Kila kipande kilikuwa neno lenye maana yake. Kipande cha kwanza cha jina Sigrid ni neno sigr, maana yake ushindi. Kipande cha pili kilikuwa fridh, maana yake mzuri, mwenye sura ya kupendeza. Wenye elimu ya lugha huonyesha ya kuwa neno hilo la pili ni la ukoo mmoja na maneno ya kupenda.

Msimamizi, andika ubaoni, na darasa liandike katika daftari:

SIGR: ushindi.
FRIDH: mzuri.

Mwenye macho makali atauliza: Mbona herufi F haimo katika jina Sigrid? Ilikuwamo, lakini kwa kutajwa haraka haraka ilimezwa, likabaki Sigridh. Jambo hili si geni kwetu. Sisi nasi twasema mwanangu, wala hatusemi mwana wangu. Twasema mumewe, wala hatusemi kila mara mume wake. Neno linalotumika kila siku hulika pembe zake kama kipande cha sabuni.

Sikilizeni pia sauti ya mwisho. Zamani haikuwa D, ilikuwa DH, kama ile iliyo katika neno dhahabu. Katika Uswidi na Norwe sauti hiyo imegeuka kuwa D. Lakini watu wa Iceland wameishika mpaka leo. Wao husema Sigridhur, ingawa kwa sauti hiyo ya DH wana herufi moja ya peke yake, nao huandika Sigríður. Ni jina lile lile.

JE, VIPANDE VIWILI HUFANYA SENTENSI?

Sasa tuna ushindi, na tuna uzuri. Vitabu vingi vya majina huviunga vipande hivi na kusema kwamba maana ya Sigrid ni mshindi mzuri, au uzuri wa ushindi. Hapa, ndugu zangu, tuwe waangalifu. Watu wa kale hawakuunga vipande vya jina ili vifanye sentensi. Chukueni jina jingine la wasichana wa huko, Gunnhild. Kipande cha kwanza, gunn, maana yake ni vita. Kipande cha pili, hild, maana yake pia ni vita. Je, mzazi gani angekusudia kumwita binti yake Vita-vita? Hapana, mzazi hakutunga sentensi.

Alifanya nini basi? Alichukua vipande kutoka majina ya jamaa zake. Mtoto alipewa kipande cha jina la baba, au cha mama, au cha babu. Au akapewa jina zima la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Katika hadithi yao mashuhuri ya kale mnasimuliwa ukoo mmoja wa mashujaa. Mzee wa kwanza aliitwa Sigi. Kitukuu chake aliitwa Sigmund, na dada yake Sigmund aliitwa Signy. Sigmund akamzaa Sigurd, shujaa aliyeua joka. Sikilizeni: Sigi, Sigmund, Signy, Sigurd. Hadithi ni hadithi, lakini desturi ya majina iliyomo ni ya kweli. Aliyesikia mwanzo wa jina aliweza kujua mtoto huyu ni wa mlango gani.

Vipande hivyo vilitumika katika majina mengi. Sigurd ni ushindi pamoja na mlinzi. Sigrun ni ushindi pamoja na siri. Na kipande kile cha fridh, mzuri, kimo pia katika Ingrid na Astrid, majina mawili ambayo huenda mmepata kuyasikia. Mwanzo wa Ingrid ni Ing, jina la mmoja wa miungu yao ya kale. Mwanzo wa Astrid ni neno lililokuwa na maana ya mungu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza maana ya Sigrid, mjibu hivi: Jina hili limeungwa kwa maneno mawili, ushindi na mzuri. Watu waliyapenda maneno yote mawili, kwa kuwa yalikuwa ya heri na ya heshima. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumfunga mtoto na watu wake.

(Kituo kidogo. Msimamizi aulize: Sigr ni nini? Fridh ni nini? Gunn ni nini? Hild ni nini?)

DARAJA LA SIGRID

Sasa tumwendee yule mwanamke ambaye hakuwa malkia. Tunakwenda Uswidi, katika jimbo la Södermanland, si mbali na mji wa Eskilstuna. Mahali panapoitwa Ramsund pana mwamba mpana. Juu ya uso wa mwamba huo zimechongwa picha pamoja na maandishi, na upana wa kazi yote ni karibu mita 5. Ilichongwa yapata mwaka 1030.

Maandishi hayo hayakuchongwa kwa herufi hizi mnazojifunza. Herufi zetu ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia kaskazini pamoja na Ukristo. Wenyeji walikuwa na herufi zao za zamani, ziitwazo runi. Herufi za runi zilikuwa na mistari iliyonyooka, rahisi kukatwa kwa kisu katika mti au kwa patasi katika jiwe. Neno lenyewe, run, lilikuwa pia na maana ya siri. Ndilo lile tulilolikuta katika jina Sigrun. Si ajabu. Kwa mtu asiyejua kusoma, maandishi yote ni siri ya wengine.

Wakati huo herufi za runi zilikuwa 16 tu, na sauti za lugha yao zilikuwa nyingi zaidi. Mchongaji afanye nini? Herufi moja ilibeba sauti mbili au tatu. Alama ya K ilisomwa K au G. Alama ya T ilisomwa T au D. Alama ya U ilisomwa U au O. Neno lao la binti lilikuwa dottir. Juu ya mwamba wa Ramsund neno hilo limeandikwa tutir. Msomaji wa siku zile hakuweza kutazama tu. Ilimbidi aseme kwa sauti, asikilize, ndipo atambue: Ahaa, ni binti!

Na jina Sigrid limeandikwaje pale? Msimamizi, andika: S, I, R, I, TH, R. Herufi G haimo kabisa. Na ile TH ilikuwa alama moja kwa sauti mbili: TH ya thelathini na DH ya dhahabu. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa sauti zote mbili tunazo na kila moja tunaiandika mbali.

Maandishi yote ni sentensi moja tu. Yanasema ya kwamba Sigrid, mama wa Alrik, binti Orm, alifanya daraja hili kwa ajili ya roho ya Holmgeir, baba wa Sigröd, mumewe.

Nitarudia polepole. Sigrid, mama wa Alrik, binti Orm, alifanya daraja hili kwa ajili ya roho ya Holmgeir, baba wa Sigröd, mumewe.

Tuichambue sentensi hii kama tulivyozoea. Ni nani aliyetenda? Sigrid. Alitenda nini? Alifanya daraja. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya roho ya Holmgeir. Ni watu wangapi waliotajwa kwa majina? Hesabuni: Sigrid, Alrik, Orm, Holmgeir na Sigröd. Watu 5 katika sentensi moja.

Sasa swali gumu kidogo. Mume wa Sigrid ni nani? Soma mwisho wa sentensi: Holmgeir, baba wa Sigröd, mumewe. Neno mumewe laweza kumfuata Holmgeir, nalo laweza kumfuata Sigröd. Ukilisoma kwa njia ya kwanza, Holmgeir alikuwa mume wa Sigrid. Ukilisoma kwa njia ya pili, alikuwa baba mkwe wake. Wenye elimu wamelisoma kwa njia zote mbili, kwa sababu sentensi ya runi inaruhusu zote mbili, kama hii ya Kiswahili inavyoruhusu. Jirani za Sigrid hawakuhitaji kuambiwa, maana walimjua mume wake. Sisi tunaosoma baada ya miaka 1,000 hatuna wa kumwuliza. Hapa pana fundisho kwa kila aandikaye barua: andika kwa ajili ya mtu ambaye hatakuwa na nafasi ya kukuuliza.

Na daraja lilikuwa la namna gani? Mara nyingi daraja la siku zile lilikuwa njia iliyoinuliwa kwa mawe, udongo na magogo ili watu wapite juu ya kinamasi au mto mdogo bila kuzama katika matope. Kanisa, ambalo lilikuwa geni katika nchi ile, lilifundisha ya kuwa kujenga daraja ni tendo jema linalomfaa marehemu. Ndiyo maana Sigrid alilifanya kwa ajili ya roho ya mtu aliyefariki. Wasafiri walipata njia, na Holmgeir alipata kumbukumbu.

Kazi kama hiyo haikuwa ya mtu maskini. Ilitaka wafanyakazi, na chakula cha kuwalisha, na fundi wa kuchonga. Tena angalieni: katika sentensi ile wanaume wanne wametajwa, lakini neno la kwanza kabisa ni Sigrid, na kitenzi ni chake yeye. Haikuandikwa kwamba daraja lilifanywa. Imeandikwa nani alilifanya.

Nimesema kuna picha pia. Maandishi yamo ndani ya mwili mrefu wa joka uliozunguka picha. Chini yake amesimama mtu anayemchoma joka kwa upanga. Huyo ndiye Sigurd, shujaa wa hadithi niliyowatajia. Yuko pia farasi wake, wako ndege juu ya mti, na yuko mhunzi aliyekatwa kichwa. Kwa nini hadithi hii ikachongwa kando ya maneno ya kumwombea mtu? Baadhi ya wataalamu husema ni kwa sababu ya jina Sigröd, lililokaribiana na Sigurd. Yaani kipande kile cha Sig, ushindi, kilivuta picha ya shujaa mwenye kipande hicho hicho.

MALKIA WA VITABUNI

Sasa tumtazame malkia. Habari zake zilienea sana kwa kazi ya mwandishi wa Iceland aitwaye Snorri Sturluson, aliyeandika historia ya wafalme wa Norwe yapata mwaka 1230. Anasimulia ya kuwa palikuwa na malkia katika Uswidi, jina lake Sigrid, na watu walimpa lakabu ya mwenye kiburi. Olaf Tryggvason, mfalme wa Norwe, alitaka kumwoa, akamwambia lazima kwanza abatizwe. Sigrid akajibu kwamba hataiacha imani ya wazee wake, ila hatamzuia mfalme kufuata imani aitakayo. Mfalme akakasirika, akampiga usoni kwa glavu. Sigrid akamwonya ya kuwa pigo lile laweza kuwa mauti yake. Kisha akaolewa na Svein, mfalme wa Denmark, akamchochea apigane na Olaf. Mwaka 1000 Olaf alishindwa vitani, akafa.

Hadithi hii ni tamu, na jina Sigrid limekaa vizuri ndani yake, maana mwenye jina la ushindi ndiye aliyeshinda. Lakini hesabuni miaka. Toka mwaka 1000 hata mwaka 1230 ni miaka 230. Ni vizazi vingapi hivyo? Habari ilipita vinywa vingi kabla ya kufika kwenye kalamu ya Snorri. Kwa upande mwingine, askofu mmoja wa Ujerumani, Thietmar, aliyekufa mwaka 1018, aliishi wakati ule ule wa Svein. Yeye aliandika ya kuwa mke wa Svein alikuwa binti wa mtawala wa Polandi. Malkia Sigrid wa Uswidi hamtaji. Kwa ajili hiyo wanahistoria wengi wana shaka. Wengine huona kwamba habari za wanawake mbalimbali zimechanganywa zikawa za mwanamke mmoja. Wengine husema malkia huyo hakuwapo kabisa.

Sasa mmeliona jibu la swali letu. Malkia aliandikwa na mtu ambaye hakupata kumwona, miaka 230 baadaye. Sigrid wa daraja aliandikwa wakati wa maisha yake, kwa amri yake mwenyewe, mahali pale pale alipofanya kazi yake. Malkia ana hadithi ndefu, na watu wana shaka naye. Mwenye daraja ana sentensi moja, nayo imemtosha.

JINA LILIVYOSAFIRI

Jina Sigrid halikufa Ukristo ulipoenea. Majina mapya yaliingia, kama Maria, Margareta na Kristina, lakini Sigrid liliendelea kutolewa pamoja nayo, na mpaka leo wasichana hupewa. Kila nchi imelikata kwa namna yake. Katika Iceland mtu aitwaye Sigríður huitwa Sigga na jamaa zake. Katika Finland jina limekuwa Siiri. Katika Uswidi na Norwe kuna umbo fupi: Siri.

Najua mnacheka. Siri kwetu ni jambo lisilotangazwa. Lakini hili si neno letu. Ni jina la msichana, Sigrid iliyofupishwa, G ikiwa imeanguka kama ilivyokosekana juu ya mwamba wa Ramsund. Na wengi wenu mmelisikia kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2011 simu za iPhone zina mtambo unaojibu maswali kwa sauti, nao unaitwa Siri. Dag Kittlaus, mmoja wa waanzilishi wake, ameeleza ya kuwa jina hilo alilitoa Norwe, na kwamba maana yake ni mwanamke mzuri akuongozaye kwenye ushindi. Ninyi sasa mnaweza kumsahihisha. Ushindi umo. Uzuri umo. Kuongoza hakumo, kumeongezwa ili vipande viwili vifanye sentensi.

Nitawatajia wanawake wawili wa karibuni zaidi waliolibeba jina hili.

Wa kwanza ni Sigríður Tómasdóttir wa Iceland, aliyezaliwa mwaka 1871 akafa mwaka 1957. Tazameni jina lake la pili: Tómasdóttir. Mnalijua neno dottir. Basi ni Sigríður binti Tómas. Katika Iceland desturi hiyo ya kumtaja mtu kwa jina la mzazi ingali hai, wakati katika Norwe sheria ya mwaka 1923 iliwataka watu wawe na jina la ukoo. Sigríður aliishi katika shamba karibu na maporomoko makubwa ya maji yaitwayo Gullfoss. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja watu wenye fedha, wakataka kuyatumia maji yale kufanya umeme. Kama wangefaulu, maporomoko yangeharibika. Sigríður alikataa. Alikwenda kwa miguu mpaka mji mkuu Reykjavík, safari ya zaidi ya kilomita 100, kuipeleka hoja yake. Wakili wake alikuwa Sveinn Björnsson, ambaye mwaka 1944 akawa rais wa kwanza wa Iceland. Katika mahakama hawakushinda. Lakini umeme haukujengwa pale. Mkataba ulivunjika baadaye, maji yakaendelea kuanguka, na mwaka 1979 mahali pale palifanywa hifadhi. Leo karibu na maporomoko pamesimamishwa jiwe la kumbukumbu yake.

Wa pili ni Sigrid Undset, mwandishi wa Norwe. Alizaliwa mwaka 1882. Baba yake, mtaalamu wa mambo ya kale, alikufa Sigrid akiwa na miaka 11. Fedha za kumsomesha zaidi hazikuwapo. Alipofika miaka 16 alianza kazi ya ukarani katika ofisi, akaifanya kwa miaka 10. Mchana alifanya kazi ya mwajiri, na baada ya kazi alisoma na kuandika. Kitabu chake kikubwa, kilichotoka kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1920 na 1922, ni hadithi ya mwanamke wa Norwe ya kale aitwaye Kristin Lavransdatter. Datter ni lile neno la binti katika lugha ya Norwe: Kristin binti Lavrans. Mwaka 1928 Sigrid Undset alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1940, wakati wa vita nchini Finland, nishani yake ya dhahabu ya tuzo hiyo aliitoa iuzwe ili kuwasaidia watu wa huko. Mwaka huo huo Wajerumani waliivamia Norwe, naye akakimbilia Marekani. Alirudi mwaka 1945, akafa mwaka 1949.

TUYAKUSANYE

Tumejifunza ya kuwa Sigrid ni jina la vipande viwili, sigr na fridh, ushindi na mzuri. Vipande hivyo havikutungwa viwe sentensi. Vilirithiwa ili mtoto ajulikane ni wa watu gani. Tumeona jina likipunguka na kugeuka: F imemezwa, G imeanguka katika Siri, DH imekuwa D, na bado ni jina lile lile. Na tumeona kwamba mwanamke mmoja wa shambani anajulikana kwa hakika kuliko malkia, kwa sababu aliagiza jina lake na kazi yake vichongwe mahali pa kuonekana.

Maneno ya kujifunza. Yaandikeni katika daftari:

Runi: herufi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya.
Patasi: chombo cha kuchongea mti au jiwe.
Kinamasi: ardhi ya majimaji na matope.
Lakabu: jina la kupanga.
Hifadhi: mahali palipolindwa kwa sheria.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Maana ya sigr ni nini, na maana ya fridh ni nini?
2. Kwa nini jina Gunnhild linaonyesha kwamba vipande vya majina hayo havikukusudiwa kufanya sentensi?
3. Herufi za runi zilikuwa ngapi wakati wa Sigrid wa Ramsund? Upungufu huo ulimpa msomaji kazi gani?
4. Taja njia mbili za kusoma neno mumewe katika sentensi ya mwamba.
5. Kwa nini wanahistoria wana shaka juu ya malkia Sigrid?

Kazi ya nyumbani. Kila mmoja aandike sentensi moja kwa mfano wa Sigrid. Aanze na jina lake mwenyewe. Kisha aseme ni mwana wa nani, au binti nani, au mama au baba wa nani. Kisha ataje kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake, iwe kisima, nyumba, shamba au kikapu. Na mwisho aseme aliifanya kwa ajili ya nani. Kisha ampe jirani yake aisome. Jirani akiuliza, Huyu ni yupi, au, Mume ni nani hapa, basi sentensi haijakamilika. Irudie mpaka asiwe na la kuuliza.

Kwaherini, mabwana na mabibi, mpaka somo lijalo.